Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kwenda Hospitali kwa Miayo na Uchovu Usiokwisha

Miayo ya mfululizo na uchovu usioondoka hata baada ya kulala havina kipimo kimoja cha kuvibaini, na ndiyo maana sehemu kubwa ya uchunguzi hutegemea maelezo anayokwenda nayo mgonjwa. Miayo peke yake haimwambii daktari mengi. Kinachomwongoza ni dalili zinazofuatana nayo.

Kwa hiyo, anza kuandika angalau wiki mbili kabla, isipokuwa pana dalili za ghafla nitakazozitaja. Andika saa ya kulala na ya kuamka, kwani mtu mzima huhitaji usingizi wa saa 7 au zaidi, na mvuvi wa usiku au mama anayeamka kupika daku huenda anapungukiwa na usingizi tu. Waulize wanaolala karibu nawe kama unakoroma na pumzi kukatika. Kisha andika miayo inakuja lini na inafuatwa na nini, kwa mfano: "Saa nne asubuhi miayo haikatiki, shingo nzito; saa nane kichwa kinagonga upande wa kushoto, mwanga unaniumiza." Maelezo hayo yakijirudia humwelekeza daktari kwenye kipandauso, ambacho kwa baadhi ya watu hutanguliwa na miayo na uchovu saa kadhaa kabla ya maumivu.

Chukua dawa zako zote pamoja na maboksi yake. Dawa za mafua zenye klorofeniramini husinziza, na baadhi ya dawa za sonona, kama fluoksetini, huweza kuleta miayo kwa mtu asiye na usingizi kabisa. Metformini ya kisukari ikitumiwa kwa miaka huweza kupunguza vitamini B12, na upungufu huo huchosha mwili na kudhuru mishipa ya fahamu. Usiache dawa yoyote kabla ya kushauriana na daktari.

Omba pia upimwe damu, sukari na tezi ya shingo. Kwetu Pemba, ambako safura na kichocho vimesumbua watu kwa muda mrefu, upungufu wa damu haufai kusahauliwa: himoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita kwa mwanamke asiye mjamzito, au chini ya 13 kwa mwanamme, inatosha kuwa chanzo cha uchovu.

Jichunguze kwa makini zaidi katika dalili za mishipa ya fahamu yenyewe. Tazama boriti ya dari kwa dakika moja bila ya kuinua kichwa, na mtu wa nyumbani aangalie kama kope zinashuka polepole. Kope zinazolegea, kuona vitu viwili viwili, au taya kuchoka katikati ya chakula, mambo yanayozidi jioni na kupungua ukipumzika, huweza kuashiria maradhi ambayo kinga ya mwili hushambulia mahali neva inapokutana na msuli. Ganzi au moto nyayoni nao uandikwe, hasa kwa mwenye kisukari.

Wapo watakaosema kwamba miayo hiyo ni kijicho. Kisomo kina nafasi yake na hakimzuii mtu kwenda hospitali, lakini kungoja kisomo kimalizike huku mkono unapoteza nguvu ni hatari kubwa.

Mdomo ukipinda ghafla, mkono au mguu ukilegea, au maneno yakigoma kutoka, daftari liwekwe kando, kwani hicho huenda ni kiharusi, na miayo isiyozuilika imewahi kuonekana kwa wagonjwa wake. Mpelekeni mgonjwa hospitali iliyo karibu, iwe Wete, Chake Chake au Abdalla Mzee hapo Mkoani, bila ya kusubiri boti ya Unguja. Kumbukeni saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, kwa sababu dawa ya kuyeyusha bonge la damu, pale inapopatikana, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili kuanza.

Anayekwenda kwa miadi, au kwa rufaa ya hospitali ya Mnazi Mmoja kule Unguja, achukue majibu yote ya zamani na afuatane na mtu anayekaa naye kila siku, kwani huyo ndiye aliyeziona kope na kusikia kukoroma. Na maadamu anasinzia mchana, asiendeshe vespa wala gari, na asipande mkarafuu.