Somo: Kuzika majivu ya marehemu kwenye uwanja wa kanisa (Uingereza)

Nimeulizwa hili mpaka nimechoka, basi naliandika mara moja. Ni Anglikana. Wakatoliki, ulizeni chini.

1. Mkichukua majivu kwenye tanuri la maiti, dai na cheti cha kuchomwa maiti. Padre atakitaka.

2. Mwone padre. Aliyeishi au kufia ndani ya parokia ana haki ya kuzikwa hapo, maadamu makaburi hayajafungwa.

3. Majivu yanazikwa, hayatupwi juu ya nyasi. Humiminwa shimoni au huwekwa kwenye kisanduku kinachooza. Chombo cha plastiki kiacheni nyumbani. (Baba alikuwa karibu kilo tatu. Nilimpakata ndani ya basi, mapaja yakafa ganzi.)

4. KUBALIANENI KWANZA NA WATU WA NYUMBANI. Hapa ndipo nilipoharibu. Tulimzika Jumamosi ya mvua, dakika kumi tu, tukaenda kunywa chai. Miezi minne baadaye wazee wakapiga simu kutoka Bungoma: arudi alale kando ya mkewe. Nikamfuata padre nikidhani ni suala la jembe. Kumbe yakishaingia kwenye ardhi iliyowekwa wakfu hayatoki bila kibali cha mahakama ya dayosisi, na tangu hukumu ya mahakama ya kanisa katika kesi ya Blagdon, 2002, kibali ni kwa sababu ya kipekee. "Tumebadili nia" si sababu. Na kama mliyamimina udongoni, mtachimbua nini? Baba yuko hapa hapa, na wajomba hawaniongeleshi.

5. Jiwe la kaburi: msiagize kabla ya kibali cha kanisa.

MASWALI

— Nikimwaga usiku kimya kimya, nani atajua?
— Soma namba 3.

— Kuchoma maiti si Ukristo.
— Askofu Mkuu mstaafu Manasses Kuria alichomwa Nairobi mwaka 2005. Kabishane na Waanglikana wenzake.

— Shikamoo mama. Sisi Wakatoliki, tunaweza kugawa majivu, nusu hapa nusu Bukoba?
— Marahaba mwanangu, umeuliza vizuri. Roma iliruhusu kuchoma mwaka 1963. Mwaka 2016 ikakataza kuyamwaga, kuyagawana na kuyaweka nyumbani. Ila Desemba 2023 ikalegeza kidogo: familia inaweza kuomba sehemu ndogo ihifadhiwe mahali palipokuwa na maana kwa marehemu. Sehemu ndogo, si nusu. Anza na padre wenu, na huyo wa Bukoba ajue kabla hamjakata tiketi.

— Tukisafiri nayo je?
— Kisanduku cha mbao. Cha chuma eksirei haioni ndani, mtazuiwa uwanjani. Beba mkononi, na cheti kiwe juu.

— Cheti gani?
— Namba 1, kaka.