Jinsi ya kufuatilia historia ya kinu cha unga

Ukitaka kuandika historia ya kinu, kiwe cha Kipushi, Kambove au pembezoni mwa Lubumbashi, huko Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, usianze na wazee. Anza na chuma. Mzee anaikumbuka vizuri foleni na bukari (ugali) ya siku zile, ila mwaka humponyoka. Chuma kikishasema, utajua la kumuuliza.

Beba tochi, futi, chaki, penseli na karatasi nyembamba. Mwenye kinu azime umeme kwenye swichi kuu, na mkanda uwe umesimama kabisa. Tafuta kibati cha kiwandani kwenye mota, kisha kingine kwenye mwili wa kinu. Mara nyingi utakuta kimezibwa na rangi na unga ulioganda. Usikikwangue kwa brashi ya waya wala msasa, maana tarakimu zake si za kina na hazirudi zikishafutika. Kifunike kwa kitambaa kilicholowa mazutu (dizeli) kwa nusu saa, kipanguse, upake chaki, halafu ufute juu juu tu: chaki hubaki ndani ya tarakimu. Zikikataa bado, weka karatasi juu yake na usugue kwa ubavu wa penseli.

Nakili yote, hata usiyoyaelewa. Kibati cha Kifaransa au cha Ubelgiji kitaandika CV, cha Uingereza HP, zote zikiwa nguvu za farasi. CV 10 ni kama kilowati 7.4.

Hapa ndipo wengi hupotea: umri wa mota si umri wa kinu. Mota huungua ikabadilishwa, kinu kikabaki. Ili ujue kinu ni cha aina gani, pima upana wa puli zote mbili, yaani magurudumu yanayopitiwa na mkanda. Mota ya mizunguko 1450 kwa dakika, yenye puli ya sentimita 30, ikivuta puli ya sentimita 15, huzungusha nyundo mara 2900, na huo ni mwendo wa kawaida wa kinu cha nyundo. Ukipata 600 hivi, pima upya. Ikirudi ile ile, fungua kifuniko uangalie kama ndani kuna mawe ya kusagia badala ya nyundo. Tazama sakafu pia. Msingi wa zege usio na mashine juu yake, wenye boliti zilizokatwa na weusi wa mafuta, pamoja na tundu la bomba la moshi ukutani, unakuambia kwamba injini ya mazutu ilikuwepo kabla ya umeme.

Sasa karatasi. Risiti isiyo na tarehe ipime kwa fedha yake. Fedha iliyoitwa zaire ilitumika kuanzia 1967 hadi 1993, zaire mpya hadi 1998. Faranga ndiyo yenye mtego, kwa sababu ilikuwepo kabla ya 1967 na ikarudi 1998. Jina la mji husaidia: Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, liliisha 1966, na Likasi iliitwa Jadotville. Lakini karatasi zenye kichwa cha zamani hutumika hadi ziishe, kwa hiyo amini fedha kuliko kichwa. Jina la mwenye mali likibadilika ghafla mwishoni mwa 1973 au 1974, fikiria kwanza uamuzi wa 30 Novemba 1973, uliowanyang'anya wageni biashara nyingi na kuwapa Wazaire, kama Wakongo walivyoitwa wakati huo.

Ndipo uende kwa wazee. Swali la "mwaka gani?" ni kazi bure. Uliza: "Baba, kinu kilifika kabla ya Katanga kujitenga, au baadaye?" Kujitenga kulianza Julai 1960, kukaisha Januari 1963. Alama nyingine ni vita vya Shaba (jina la Katanga wakati huo), 1977 na 1978, na uporaji wa 1991. Mama aliyekuwa akileta mahindi muulize alilipa kwa meka (chombo cha kupimia) au kwa gunia. Fundi muulize nyundo na chekeche zilikotoka. Ongea na kila mmoja peke yake, kwani wakikaa pamoja, mwaka wa aliyetangulia kusema huwa wa wote. Wakitofautiana, andika majibu yote mawili, na pembeni ya kila jibu uandike huyo aliyesema alikuwa na kazi gani kinuni.