Kabla ya kuweka fyuzi nyingine: mambo ya kuzingatia gari likipiga shoti

Fyuzi ikiungua, mkono hukimbilia kuchomeka nyingine. Subiri kwanza. Ile fyuzi imekatika ili waya usiungue, na kilichoikata bado kimo ndani ya gari.

Anza kwa kukumbuka. Nini kilizimika pamoja nayo, na ulikuwa unafanya nini dakika ile? Ikiwa fyuzi inakatika kila unapokanyaga breki, shoti (waya wenye umeme kugusa bati la gari) ipo baada ya swichi ya breki, kuelekea taa za nyuma. Ikikatika ukiingiza rivasi, fuata waya wa taa za rivasi. Ikikatika papo hapo, hiyo ni shoti. Ikivumilia dakika kadhaa ndipo ikatike, shuku kifaa kinachovuta umeme kupita kiasi, kama mota ya waipa iliyokauka au feni inayokwama. Iangalie na fyuzi yenyewe: ikiwa imeungua nyeusi ndani, kwa kawaida ni shoti kali, ikiwa uzi umeyeyuka katikati bila masizi, mara nyingi ni mzigo mkubwa.

Mapema, kabla hata ya kuharibikiwa, piga picha vifuniko vya visanduku vya fyuzi, kile cha chini ya dashibodi na kile cha ndani ya boneti. Magari mengi ya Uganda yametoka Japani yakiwa yametumika, na kitabu chake, kama kipo, ni cha Kijapani. Herufi za kifuniko ndizo ramani yako: CIG ni soketi ya kiberiti cha sigara, DOME taa ya ndani, STOP taa za breki.

Weka fyuzi za akiba za umbo la zako. Rangi husema ampea: nyekundu 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Ukinunua Kisekka, soko la vipuri la Kampala, chagua duka unaloliamini, maana zipo za bandia ambazo plastiki huyeyuka uzi wa ndani ukiwa mzima. Na usipandishe ampea hata siku moja. Volti 12 kwa ampea 10 ni wati 120, na waya umechaguliwa kwa hesabu ya namna hiyo. Ukiweka ya 30, au karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, kitakachoungua sasa ni waya wenyewe, nyuma ya dashibodi usikoweza kuona.

Kifaa ninachokipenda kuliko vyote ni balbu ya volti 12, wati 21, ile ya taa ya breki, iliyounganishwa waya mbili. Zima kila kitu kinachotumia fyuzi hiyo, kisha chomeka waya za balbu pale fyuzi ilipokuwa. Ikiwaka kwa nguvu zote, shoti ipo, lakini umeme unaopita haufiki ampea 2, kwa hiyo unaweza kutafuta bila kumaliza fyuzi za pakiti nzima. Chomoa kifaa kimoja kimoja na utikise waya taratibu. Balbu ikizimika au kufifia ghafla, umefika. Ikiwaka hafifu tu, huenda ni kifaa fulani kilichobaki kimewashwa. Usiitumie kwenye fyuzi ya eabegi wala ya kompyuta ya injini.

Pa kuanzia pawe pale mkono wa mtu ulipopita baada ya kiwandani: alamu, redio, spotilaiti. Kisha mpira wa waya kwenye bawaba za mlango wa nyuma, hasa Noah na magari ya namna hiyo, kwani waya hukunjwa kila mlango unapofunguliwa. Barabara ya murram nayo hutikisa waya hadi zijikwaruze kwenye bati. Gari lililolazwa karibu na ghala la mahindi, tazama meno ya panya.

Kabla ya kugusa waya wowote vua pete na saa, kisha fungua hasi ya betri kwanza; ukianza na chanya, spana ikigusa bodi italipuka cheche. Waya za njano za eabegi na za rangi ya chungwa za haibridi ziache. Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, zima gari, tokeni nje, na ukiweza bila hatari ondoa hasi.

Safari ya usiku, tuseme kati ya Kafu na Karuma kwenye barabara ya Kampala kwenda Gulu, ndipo akiba hii inapohitajika: fyuzi, balbu ya kupimia, tochi, tepu ya umeme. Fyuzi mpya ya ampea ile ile ikikatika tena, acha kubadilisha. Kama ni ya taa kubwa, egesha pembeni mbali na lami, weka pembetatu, ungoje kuche. Gereji, mpe fundi fyuzi zote mbili zilizoungua, mweleze kilichotokea, na mkubaliane kabla ya bei kwamba atakuonyesha kwa macho mahali waya ulipogusa.