Kuku wa nyuma ya nyumba wakati wa kipupwe: ninavyofanya hapa Njombe

Juni ikiingia Njombe, watu wanavaa makoti mawili mawili, na kila mwenye kuku nyuma ya nyumba anatafuta cha kuzibia banda. Mimi mwaka wa kwanza nilizungushia nailoni juu hadi chini, hata uwazi wa chini ya bati nikauziba. Asubuhi ya nne nikaingia, nikapapasa bati kwa ndani: kiganja kikalowa kama nimekitoa kwenye ndoo. Maranda yananata, macho yananiwasha, na kuku wawili wanakoroma puani. Baridi ya nje ilikuwa ileile ya juzi. Mafua nimewaletea mwenyewe.

Kuku mkubwa mwenye manyoya kamili anavumilia baridi kuliko wewe na mimi. Joto la mwili wake ni kama nyuzi 41, na akijitutumua, hewa ya moto inabaki ndani ya manyoya. Kinachomshinda ni unyevunyevu, na upepo unaompiga akiwa amelala. (Vifaranga wana mambo yao, hapa nazungumzia kuku wa miezi 5 na kuendelea.)

Hatua ya 1: Chanja mapema. Chanjo ya mdondo (kideri), ile iitwayo I-2 ya tone la jicho, wape Mei kabla baridi haijakaza, kisha rudia kila baada ya miezi 3. Chanja kuku wazima tu, si aliyekwisha kuanza kuzubaa.

Hatua ya 2: Ziba chini, acha juu wazi. Jioni ingia bandani na kijiti kinachofuka moshi, ukishike pale kuku wanapolala. Moshi ukipanda wenyewe, sawa. Ukilala upande mmoja, upepo unapita hapo. Ziba kwa mabanzi au viroba kuanzia chini hadi shibiri moja juu ya vichwa vyao wakiwa wamelala. Anza na upande wa kusini-mashariki, maana upepo wa kipupwe unatokea huko. Halafu chini ya bati acha uwazi wa sentimita 15 hivi, pande mbili zinazotazamana, na uweke wavu kwa ajili ya vicheche. Unyevunyevu na pumzi ya kuku vinatokea hapo. Jirani atakwambia unawatesa; mwache aseme.

Hatua ya 3: Sakafu. Hapa ndipo penye kazi. Kinyesi kibichi cha kuku karibu robo tatu yake ni maji, na wakati wa kipupwe hakikauki upesi. Mwaga maranda makavu kina cha sentimita 10 hadi 15. Huku kwetu kwenye mashine za mbao yamejaa, ila chagua maranda yenyewe, si lile vumbi laini la msumeno linalowaingia puani. Kila siku rusha punje chache za mahindi juu yake, kuku watayapekua na kuyageuza wenyewe.

Kupima ni rahisi. Fumbata konzi ya maranda kisha achia: yakibaki donge, yamelowa, ondoa sehemu hiyo uongeze makavu. Halafu chuchumaa, kichwa chako kiwe usawa wa kuku, ukae dakika nzima. Macho yakianza kuwasha, ujue wao wanaishi na hewa hiyo usiku kucha. Mara nyingi mkosaji ni chombo cha maji. Kiinue juu ya tofali, mdomo wake uwe usawa wa mgongo wa kuku, wasikichezee wakamwaga.

Hatua ya 4: Kichanja. Tumia mbao ya 2x4, ule upana ndio uangalie juu, ili kuku akilala avifunike vidole kwa tumbo lake. Kila mmoja apate sentimita 20 hadi 25. Vichanja vyote viwe kimo kimoja. Mimi nilikuwa na cha juu na cha chini, na kila magharibi vita, wote wanagombea cha juu. Nilipovisawazisha wakanyamaza.

Hatua ya 5: Chakula na maji. Baridi inawaongezea njaa, kwa hiyo usipunguze chakula cha kuku wa mayai. Saa kumi na moja jioni wape mahindi yaliyoparazwa, konzi moja kwa kuku watatu, walale na kitu tumboni. Mahindi yasiwe ndiyo mlo. Watanenepa na mayai yatapungua. Asubuhi wape maji ya uvuguvugu. Ya baridi kali wanadonoa kidogo tu wanaacha, na kuku asiyekunywa hatagi.

Hatua ya 6: Wape cha kufanya. Siku za ukungu hawatoki, na wakikaa bure wanadonoana. Ning'iniza kabichi kwa kamba, juu kidogo ya vichwa vyao. Weka beseni kuukuu lenye udongo mkavu na majivu yaliyopoa, waoge vumbi humo. Ongeza chombo cha pili cha chakula kona nyingine, mnyonge apate pa kulia. Ukiona kuku ana kidonda chenye damu mtoe saa hiyohiyo, maana wenzake hawataacha kumdonoa hapo. Na usinunue kuku mgeni miezi hii. Ugomvi wa kupanga nani mkubwa haufai kufanyikia ndani ya banda dogo.

Jiko la mkaa bandani hapana, hata usiku mmoja. Gesi yake inaua kimyakimya, na maranda hayahitaji zaidi ya cheche moja.

Mayai yakipungua kidogo Julai usikimbilie kuwapa dawa. Tazama kwanza kama wananyonyoka manyoya. Kama ndivyo, waongezee dagaa kwenye chakula na usiwashikeshike, manyoya machanga yanauma. Viroba nami navitoa Septemba, upande mmoja kwa wiki.