Ufadhili wa utafiti India kwa mwanasayansi wa Mombasa: mwenyeji kwanza, fomu baadaye

Wengi huanza na fomu. Siku ya mwisho ikifika wana kila kitu isipokuwa karatasi moja: barua ya kukubaliwa na maabara ya India. Kwa ufadhili wa TWAS-CSIR, bila barua hiyo hakuna maombi. Anza miezi minne kabla, na mwezi wa kwanza wote uwe wa kutafuta mwenyeji.

TWAS ni akademia ya sayansi ya nchi zinazoendelea, makao yake Trieste, Italia. CSIR ni baraza la utafiti la India lenye maabara zake kote nchini humo. Kuna nafasi za uzamivu na za waliokwisha kuupata. Posho hulipwa kwa rupia wala haibadilishwi kuwa fedha za kigeni, kwa hiyo mwenye karo na kodi ya nyumba Mombasa asitegemee kutuma chochote. Tena, maombi ni mamoja tu kwa mwaka katika programu zote za TWAS na shirika dada la wanawake, OWSD. Usiipoteze nafasi hiyo kwa kubahatisha.

Anayeshughulika na bahari aangalie maabara mbili za CSIR: NIO, taasisi ya taifa ya sayansi ya bahari, Dona Paula, Goa, au CSMCRI, Bhavnagar, Gujarat, inayotafiti chumvi na mwani. Jihadhari na CMFRI ya Kochi, taasisi ya uvuvi wa baharini. Jina linakaribiana na la KMFRI yetu, taasisi ya bahari na uvuvi ya Kenya, na kazi zinafanana, lakini iko chini ya ICAR, baraza la kilimo. Barua yake haitakufaa kwenye ufadhili wa CSIR.

Sasa barua pepe, na hapa ndipo wengi huharibu. Usimwandikie mkurugenzi. Soma makala za maabara hiyo za miaka mitatu iliyopita, mchague mtafiti mmoja, umwandikie yeye. Kichwa cha barua kitaje mada na muda unaoomba. "Naomba kwa unyenyekevu nafasi ya kutafiti mwani katika taasisi yenu tukufu" haimwambii kitu. Yenye uzito ni kama hii: "Nina vipimo vya mwaka mzima vya joto na chumvi ya maji kutoka mashamba ya mwani ya Kibuyuni, ambako matawi ya spinosamu hugeuka meupe na kukatika msimu wa joto. Nataka kulinganisha karajini ya mwani mzima na ulioathirika. Mtambo wa kuichambua mnao, sisi hatuna." (Spinosamu ni aina ya mwani unaolimwa, na karajini ni utomvu mzito unaotolewa kwenye mwani.) Akisoma hapo anajua unaleta nini na unakosa nini. Ambatisha wasifu wa kurasa mbili na muhtasari wa ukurasa mmoja, basi.

Itume saa mbili asubuhi. India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu, hivyo itamkuta kazini saa nne na nusu. Kumbusha baada ya siku kumi. Akinyamaza tena, mwandikie mwingine. Usiwaandikie watatu wa maabara moja kwa mkupuo, maana wataulizana.

Barua ikija, ikague: karatasi rasmi ya taasisi, sahihi, tarehe, mada, muda, na jina lako herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti. Pwani hii Mohamed wa cheti huwa Muhammad kwenye pasipoti, na Swaleh akawa Saleh. Majina yakitofautiana, pata hati ya kiapo kwa wakili mapema. Barua za mapendekezo nazo ziwe kwenye karatasi rasmi na zenye sahihi.

Ukitaka kubeba sampuli, usingoje matokeo ya ufadhili. Unahitaji idhini ya maandishi ya wenye rasilimali, mfano kikundi cha wakulima wa mwani, leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya sayansi ya Kenya, kisha kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, chini ya kanuni za 2006 za rasilimali za kijenetiki, na mkataba wa sampuli kati ya taasisi yako na mwenyeji. NEMA itauliza hizo mbili za mwanzo, kwa hiyo usiruke mpangilio. Upande wa pili, sheria ya bayoanuwai ya India ya 2002 humtaka mgeni apate idhini ya mamlaka iliyoko Chennai kabla ya kuchukua viumbe vya huko kwa utafiti. Mwenyeji ndiye wa kuanzisha hilo.

Viza iwe ya utafiti. Ya utalii haikuruhusu kufanya kazi maabara. Mombasa kuna ofisi ya Balozi Msaidizi wa India, ulizia huko. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku kumi kabla ya kuingia India. Kabla ya hapo cheti hakihesabiki, na unaweza kuwekwa karantini hadi siku sita. Viza ikizidi siku 180, jiandikishe FRRO, ofisi ya India ya kusajili wageni, ndani ya siku 14 baada ya kufika, ukiwa na barua ya mwenyeji na uthibitisho wa makazi.