Nyusi na Kope Zisizolingana: Namna ya Kutambua Chanzo na Kuchagua Tiba, Hatua kwa Hatua

Hakuna uso wa binadamu ambao pande zake mbili zinalingana kabisa, na tofauti ya milimita moja kati ya unyusi wa kulia na wa kushoto ni ya kawaida kiasi kwamba wanaokutazama kila siku hawaioni. Wanaokuja kutafuta tiba huwa wameiona pichani, na wengi hufika wakiwa wamekwisha kuchagua: huyu anataka sindano, yule anataka apunguzwe ngozi ya kope. Mimi huomba uchaguzi huo usubiri. Upande unaoonekana una kasoro mara nyingi ndio mzima, na tiba ikielekezwa huko, tofauti huongezeka badala ya kupungua. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu uchunguzi, na tiba zinafuata baadaye.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba si ugonjwa

Kope iliyoshuka ghafla, ndani ya saa au siku chache, si suala la urembo. Ikiwa imeambatana na kuona vitu viwili viwili, maumivu makali ya kichwa au shingo, au mboni moja kuwa kubwa au ndogo kuliko nyenzake, mtu huyo anapaswa kufika hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa neva inayoiendesha kope inaweza kuwa inakandamizwa na mshipa wa damu uliovimba ubongoni, au mshipa mkubwa wa shingo unaweza kuwa umechanika kwa ndani. Upande mmoja wa uso ukilegea pamoja na mkono kukosa nguvu au maneno kutotamkika vizuri, hiyo ni dalili ya kiharusi na hakuna muda wa kusubiri.

Zipo pia hali zinazojitokeza polepole. Kope ambayo asubuhi iko sawa lakini jioni imeshuka huashiria miastenia, ugonjwa unaoifanya misuli ichoke upesi, na ambao unaweza kuzidishwa na sindano ya botulinamu, dawa inayolegeza misuli. Kinyume chake, jicho likionekana limekodoka na weupe ukionekana juu ya duara la rangi la jicho, sababu ya kwanza ya kuchunguzwa ni tezi ya thairoidi. Katika hali zote mbili ugonjwa hutibiwa kwanza, na marekebisho ya sura hufanywa hali ikiisha kutulia.

Hatua ya 2: Piga picha na upime

Picha ya kujipiga kwa kuunyoosha mkono hupotosha vipimo vya uso, kwa sababu kamera iko karibu mno. Mwombe mtu mwingine asimame umbali wa mita moja na nusu au zaidi, kamera ikiwa usawa wa macho, kisha akupige picha tatu: uso ukiwa umetulia, nyusi zikiwa zimeinuliwa, na macho yakiwa yamefumbwa bila kukazwa. Tafuta pia picha zako za miaka kumi iliyopita. Tofauti uliyozaliwa nayo na ile iliyoanza mwaka jana hazitibiwi kwa mtazamo mmoja.

Kipimo muhimu zaidi ni umbali kutoka kwenye nukta ya mwanga inayoakisiwa katikati ya mboni hadi ukingo wa kope ya juu, ambao kwa kawaida ni kati ya milimita 4 na 5. Ukingo ukiwa chini zaidi upande mmoja, kope yenyewe imeshuka. Ukingo ukiwa sawa pande zote lakini ngozi imekunjamana juu yake, tatizo ni ngozi iliyozidi. Na ikiwa unyusi umeteremka chini ya mfupa wa juu wa jicho na kuisukuma ngozi mbele yake, tatizo liko kwenye unyusi. Mambo haya matatu huonekana yakifanana kwa mbali, na mtu mmoja anaweza kuwa nayo mawili au yote. Mweleze daktari pia kama umevaa lenzi ngumu za macho kwa miaka mingi, kwa sababu kuzivaa na kuzivua huvuta kope na kuulegeza msuli wake.

Hatua ya 3: Tafuta upande unaoufidia mwingine

Hii ndiyo hatua inayorukwa mara nyingi, nami naiona kuwa kiini cha kazi yote. Msuli wa paji la uso ndio pekee unaoinua unyusi. Kope moja inapodhoofika na kuanza kuiziba mboni, msuli huo hukaza upande ule ili jicho lifunguke, bila mwenyewe kujua. Matokeo yake ni unyusi mmoja kupanda, na mtu anakuja kuomba ushushwe. Ukishushwa kwa sindano, msaada uliokuwa ukiifungua kope unaondoka, na jicho linabaki limefumba nusu kwa muda wa miezi.

Jaribio lake ni rahisi. Fumba macho, legeza paji, kisha mtu aikandamize ngozi iliyo juu ya nyusi kwenye mfupa kwa vidole gumba ili zisiweze kupanda. Fumbua macho na utazame mbele. Kope iliyokuwa ikisaidiwa itashuka na kujionyesha.

Kufidiana huko kupo pia kati ya kope na kope. Ubongo hupeleka amri yenye nguvu sawa kwa kope zote mbili za juu, kanuni inayofahamika kwa jina la Hering. Kope ya kulia ikidhoofika, amri huongezwa kwa zote, na ile ya kushoto iliyo nzima hupanda kupita kiasi na kulifanya jicho lionekane kubwa. Daktari huiinua kwa kidole ile iliyo chini na kuitazama ya pili: ikishuka, basi ukubwa wake ulikuwa wa kufidia tu. Hatua hii inamwezesha kukueleza kabla ya upasuaji kwamba kuiinua kope moja kunaweza kuifichua nyingine iliyokuwa dhaifu kidogo, na kwamba huenda zote mbili zikahitaji kufanyiwa kazi.

Hatua ya 4: Chagua tiba inayolingana na chanzo

Kwa tofauti ndogo ya nyusi, wanja na kunyoa kwa uangalifu vinatosha, na ningependa watu wengi zaidi waishie hapo. Kuchanjwa rangi kwenye ngozi hukaa mwaka mmoja au zaidi, lakini hakumfai mwenye ngozi inayoota makovu makubwa, tena mchoro hauinui kitu: unyusi unaofidia utaendelea kupanda pamoja na rangi yake.

Sindano ya botulinamu ilianza kama dawa ya macho. Marekani iliiidhinisha mwaka 1989 kwa kengeza na kwa kope zinazofumba bila hiari, na ikaidhinishwa kwa mikunjo ya katikati ya nyusi mwaka 2002. Dawa hii hulegeza msuli; haiwezi kuutia nguvu. Ikiwekwa kwenye paji, unyusi ulio juu hushuka. Ikiwekwa kwenye msuli wa mviringo chini ya ncha ya nje ya unyusi ulio chini, mvuto wa kuelekea chini hupungua na unyusi hupanda kwa milimita moja au mbili. Matokeo kamili huonekana baada ya wiki mbili, kwa hiyo usikubali kuongezewa dozi kabla ya hapo, na hudumu miezi mitatu hadi minne. Dawa ikipenya hadi kwenye msuli wa kope, kope hushuka kwa wiki kadhaa kisha hurudi. Wajawazito na wanaonyonyesha hawapaswi kuchomwa.

Fila za asidi ya hayaluroniki, yaani vijazo vinavyochomwa kwa sindano chini ya ngozi, hutumika kujaza shimo juu ya kope au kuipa ncha ya unyusi egemeo. Mimi huwa mzito kuzipendekeza katika eneo hili. Mishipa ya damu ya hapo imeungana na ile inayolisha jicho, na fila ikiingia ndani ya mshipa inaweza kusababisha upofu. Ipo dawa ya kuiyeyusha, lakini uwezo wa kuona ukishapotea ni nadra kurudi.

Kwa kope iliyoanza kushuka kidogo mtu akiwa mtu mzima, yapo matone ya oksimetazolini ya asilimia 0.1, yaliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020. Hufanya kazi kwa saa kadhaa tu na hayaponyi chanzo.

Upasuaji ni wa aina tatu, na hakuna unaochukua nafasi ya mwingine. Kupunguza ngozi hakuinui ukingo wa kope. Kuinua ukingo kunahitaji kuukaza msuli unaoinua kope, au, ikiwa msuli huo unaweza kuisogeza kope kwa milimita 4 au pungufu, kuiunganisha kope na msuli wa paji. Unyusi ulioteremka nao una upasuaji wake, na ikiwa vyote vinahitajika, unyusi hupangwa kwanza, kisha ndipo ngozi ya kope ipimwe. Ngozi ikikatwa mapema, jicho linaweza kushindwa kufumba pale unyusi utakapoinuliwa. Ndiyo maana wapasuaji huacha takriban milimita 20 za ngozi kati ya unyusi na mstari wa nywele za kope.

Hatua ya 5: Siku za baada ya upasuaji

Kanda kwa kitu baridi katika saa 48 za kwanza, lala kichwa kikiwa juu, na tumia matone ya kulainisha macho kama ulivyoelekezwa. Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 5 na ya 7. Uvimbe haupungui kwa kasi moja pande zote mbili, hivyo tofauti ya wiki ya pili haikuonyeshi matokeo ya mwisho. Daktari huweza kurekebisha urefu wa kope mapema akiona dosari ya wazi, lakini kwa kovu na ngozi husubiriwa angalau miezi mitatu. Maumivu makali yanayoongezeka, jicho kusukumwa nje au uwezo wa kuona kupungua ni dalili za damu kuvuja nyuma ya jicho. Usisubiri asubuhi: rudi hospitali saa hiyo hiyo.