Somo: Namna ya kuchagua kitabu cha kwanza cha kujifunzia gofu

Habari zenu wana gofu. Swali la "ninunue kitabu gani" linarudi kila wanapoingia wanachama wapya, na majibu huwa ni majina ya mabingwa tu. Ubingwa wa mwandishi hautoshi. Kitabu kipimwe kwa kurasa chache, na unaweza kuzisoma ukiwa bado dukani.

Hatua ya 1: Fungua sura ya kushika fimbo

Kitabu kinachomfaa anayeanza hukaa kwenye mikono kurasa kadhaa kabla ya kugusa habari za kuzungusha fimbo. Tafuta picha inayoonyesha mikono kama unavyoiona mwenyewe ukiinamisha macho. Kwa anayetumia mkono wa kulia, vifundo viwili hadi vitatu vya mkono wa kushoto vionekane. Kitabu kisichokuambia vingapi kitakuacha ukibahatisha.

Hapa lazima nikitaje Five Lessons cha Ben Hogan, bingwa wa gofu wa Marekani, maana ndicho kinachopendekezwa kuliko vyote. Kilitoka mwaka 1957, Hogan akisaidiana na Herbert Warren Wind, michoro ikiwa ya Anthony Ravielli. Michoro ile ni mizuri mno. Misuli na viungo unavioneshwa kimoja kimoja. Ila Hogan alisumbuliwa miaka mingi na mpira unaopinda kushoto, na mshiko anaoufundisha ni dawa ya ugonjwa wake yeye: ile V ya kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kushoto anaielekeza kwenye jicho la kulia. Wengi wanaoanza wana ugonjwa wa kinyume, mpira unakatia kulia. Ukinywa dawa ya Hogan kama ilivyo, utazidiwa. Soma sura zake za kusimama na kuzungusha mwili, lakini V yako ielekeze kwenye bega la kulia.

Hatua ya 2: Tafuta panapoelezwa kwa nini mpira unapinda

Vitabu vingi vya zamani vinasema mpira huanza kufuata njia ya fimbo, kisha hugeukia upande ulikotazama uso wa fimbo, yaani sehemu bapa inayougonga mpira. Vipimo vya rada vimeonyesha vingine: mwelekeo wa kuanzia unaamuliwa zaidi na uso wa fimbo, na kupinda kunatokana na tofauti kati ya uso huo na njia ya fimbo. Tuseme kuna mti kati yako na shimo. Kitabu cha zamani kitakuambia uelekeze uso wa fimbo shimoni na uzungushe kuelekea pembeni mwa mti. Fanya hivyo, na mpira utaugonga mti.

Hatua ya 3: Pima kurasa za mchezo mfupi (mapigo ya karibu na shimo)

Uwanja wa pa 72, yaani unaotarajiwa kumalizwa na mchezaji hodari kwa mapigo 72, umekadiria mapigo 36, yaani nusu, yawe ya kusukuma mpira ukiwa tayari kwenye griini, eneo la nyasi fupi lenye shimo. Kitabu kilichojaa habari za kupiga mbali na kuacha kurasa tano kwa griini, kirudishe. Harvey Penick wa Austin, Texas, aliyewafundisha mabingwa Tom Kite na Ben Crenshaw, alishauri gofu ifundishwe kuanzia shimoni kurudi nyuma. Kitabu chake, Little Red Book cha 1992, kina sura fupi sana na kinasomeka kwa raha, ila nakiona kinafaa kuwa cha pili.

Hatua ya 4: Angalia mwaka

Hii ni kwa ajili ya sheria. Tangu 2019 muda wa kutafuta mpira uliopotea ni dakika 3, si 5, na mpira unaporudishwa mchezoni kwa kudondoshwa, unaachiwa kutoka usawa wa goti badala ya bega.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, video zimejaa mtandaoni bure. Kitabu cha nini?

Jibu: Video zinakupa walimu kumi kwa jioni moja, na kila mmoja anarekebisha kitu chake. Kitabu kina mpangilio mmoja, tena hakikuruhusu kurukia dereva (fimbo ya kupigia mbali) kabla ya mikono.

Swali: Mimi natumia mkono wa kushoto. Vitabu vyote ni vya kulia.

Jibu: Pole dada. Chagua chenye picha kubwa zilizopigwa kwa mbele, kisha zitazame kupitia kioo. Kwenye maandishi, andika juu kwa penseli "nyuma" na "mbele" badala ya kulia na kushoto.

Swali: Nachezea Nairobi. Umbali ulioandikwa kitabuni haulingani kabisa na wangu.

Jibu: Nairobi iko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi na mpira unakwenda mbali zaidi. Jedwali la umbali liache, andika lako mwenyewe. Na jambo ambalo vitabu vya Uingereza havitakuambia: nyasi za kikuyu hung'ang'ania shingo ya fimbo na kuugeuza uso wake kushoto. Mpira ukizama humo, kaza mkono wa kushoto, tumia fimbo yenye uso uliolala zaidi, na uridhike na kuutoa tu.

Swali: Ninunue viwili kwa pamoja?

Jibu: Hapana kaka. Kimoja kwanza, na pesa ya cha pili mlipe kocha akutazame mshiko nusu saa.